Kimlima cha theluji cha mita 1,245: mwalimu wa Kigoma ajiandaeje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kigoma. Januari nakwenda Scotland kwa mafunzo ya miezi mitatu. Rafiki yangu wa Tabora, ambaye huu ni mwaka wake wa pili kule, amenialika tupande mlima Cairn Gorm Jumamosi moja, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Anasema ni kimlima tu, ameshakipanda mara tatu wakati wa kiangazi. Mimi Nkungwe ya milima ya Mahale nimeifika kileleni, pumzi ninayo, ila theluji sijawahi kuikanyaga. Nivae nini, nibebe nini, na tutajuaje kwamba sasa ni kurudi?

Jibu: Mwalimu, kuhusu urefu mwenzako hajakudanganya. Nkungwe ina mita 2,462, karibu mara mbili ya Cairn Gorm. Maegesho ya Coire Cas, ambako watu wengi huanzia safari, yako kwenye mita 630 hivi, yaani chini kuliko maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo yako mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mkifika kileleni mtakuwa mmeuzidi mji wa Tabora kwa mita hamsini hivi, basi. Na hakuna aliyeshuka treni Tabora akaumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko.

Ugumu wa mlima huu uko kwenye somo unalolifundisha mwenyewe: latitudo. Eneo lile liko digrii 57 kaskazini. Katikati ya Januari jua huchomoza karibu saa 2:45 asubuhi (saa zao zitasoma 8:45) na kuzama saa 10 jioni na dakika chache. Adhuhuri jua huwa digrii 12 tu juu ya upeo wa macho, kwa hiyo linaangaza bila kupasha joto. Umezoea siku ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Pale utapewa saa saba na dakika ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo huenda ikawa ya ukungu. Kiangazi, mwenzako alikuwa na mwanga hadi usiku. Mara zake tatu zilimfundisha njia ilivyo, lakini njia yenyewe Januari imefunikwa.

La pili ni upepo. Kituo cha hali ya hewa kilicho kileleni hapo Cairn Gorm ndicho kilichorekodi mkupuo wa upepo mkali kuliko yote Uingereza: kilomita 278 kwa saa, tarehe 20 Machi 1986. Hamtakutana na huo, lakini piga hesabu ya siku ya kawaida. Maegeshoni kuna nyuzi 2 juu ya sifuri. Kila mita 100 za kupanda joto hushuka kwa nyuzi 0.65 hivi, kwa hiyo kileleni mna nyuzi 2 chini ya sifuri. Weka upepo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi itapoa kana kwamba ni nyuzi 12 chini ya sifuri. Upepo huo huo ndio unaoanza kumyumbisha mtu anapotembea; ukifika 80 unaweza kumwangusha mtu mzima mwenye mzigo mgongoni. Kwa watu wawili ambao mmoja wao hajawahi kukanyaga theluji, utabiri ukionyesha mikupuo inayozidi kilomita 65 kwa saa kileleni, ahirisheni. Someni utabiri wa milimani, wa Mountain Weather Information Service, kwa sababu ule wa Aviemore, mji ulio jirani na mlima, hauwaambii chochote kuhusu huko juu.

Sasa hizo pumzi zako. Zitakusaidia, lakini zina hatari yake: mwenye pumzi hupanda haraka, anayepanda haraka hutoka jasho, na jasho ndilo litakalokupoza ukisimama. Maji huondoa joto mwilini mara ishirini na zaidi kuliko hewa iliyotulia. Nguo za baridi kazi yake ni kushika hewa. Zikilowa, hewa imetoka na maji yameingia. Kwa hiyo siku hiyo lengo lako la kwanza ni kubaki mkavu. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kusimulia habari bila kukatisha sentensi. Anza kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukiondoka maegeshoni umejisikia vizuri ndani ya makoti yote, baada ya dakika kumi fulana itakuwa imelowa. Simameni mapema, vueni koti moja, endeleeni.

Nguo unaweza kuanza kuzikusanya huku huku, na kwa bei nafuu, kwenye mitumba ya Mwanga, hapo hapo Kigoma. Sweta za sufu hazina wanunuzi wengi Kigoma. Soma lebo ya ndani: unatafuta sufu au poliesta. Pamba usiiguse, iwe fulana, soksi, chupi au jinzi. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: inanyonya maji, inakuwa nzito, inaganda kama ubao, na haikauki mpaka kesho. Mpangilio wenyewe ni fulana nyembamba ya mikono mirefu inayobana mwili, juu yake sweta au jaketi la manyoya ya poliesta, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia inayokaza usoni. Suruali iwe ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, na nyingine ya mvua ya kuvaa juu yake. Kisha kuna koti la nne, nene na pana, ambalo hutembei nalo. Linakaa ndani ya begi, na kila mnaposimama kwa zaidi ya dakika mbili linavaliwa juu ya kila kitu, hata kabla hujasikia baridi. Ukingoja uisikie, umechelewa.

Glavu beba jozi tatu: nyembamba za kushikia ramani, nene za kutembelea, na nyingine nene za akiba zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Za akiba ziwe za aina ya vidole vyote pamoja, gumba peke yake, kwa sababu vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Zile za kutembelea zifunge kamba mkononi. Glavu ikichukuliwa na upepo pale juu hairudi, na mkono uliokufa ganzi hauwezi kufunga zipu, kushika filimbi wala kubonyeza simu. Kofia ya mzula, na ya pili ya akiba. Mafuta ya mgando usoni hayazuii baridi, hata ukipaka kama ya mtoto. Kinachozuia ni kitambaa. Na kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi dalili ya kuumwa na baridi haijitokezi kama ule weupe unaotajwa vitabuni, bali kama rangi ya majivu iliyofifia, tegemea zaidi hisia: pua, shavu au kidole kikiacha kuuma na kuwa ganzi, simama ukipashe joto kwa kiganja au kwapani. Usikisugue, na hasa usikisugue kwa theluji.

Viatu usinunue Kigoma. Kodini Aviemore. Maduka ya huko hukodisha buti, meno ya chuma ya kufunga chini ya buti, na shoka la barafu kwa siku. Buti ziwe za daraja la B1 au zaidi, maana yake soli ngumu ambayo hukunji kwa mikono. Soli laini haiwezi kuchimba hatua kwenye theluji iliyoganda ngumu, na meno ya chuma hufyatuka juu yake. Zijaribu ukiwa na soksi zile zile za siku hiyo. Vidole lazima vicheze. Kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni kosa la kawaida, kwa sababu damu haipiti na mguu unapoa kuliko ungevaa moja.

Meno ya chuma, ambayo wapanda milima huita krampuni, kwa buti za B1 yawe ya daraja la C1, yenye meno kumi hadi kumi na mbili. Kuna vile vicheni vidogo vya mpira vyenye meno mafupi. Hivyo ni vya njia tambarare iliyoganda, si vya mteremko. Krampuni huvaliwa kabla hazijahitajika, mahali tambarare, ukiwa umekaa. Anayengoja mpaka ateleze atajikuta anazifunga kwa mguu mmoja kwenye mteremko. Ukizivaa, tembea miguu ikiwa imeachana kidogo kama uliyepanda punda, maana jino likinasa kwenye suruali ya mguu wa pili unaanguka kifudifudi. Kanyaga unyayo wote kwa pamoja ili meno yote ya chini yaingie. Mazoea ya kukanyaga kwa ukingo wa kiatu, kama kwenye udongo wa Mahale, hapa yanakutelezesha. Theluji mbichi hujikusanya chini ya meno ikawa donge, na hapo ni kama umevaa viatu vya duara. Gonga buti kwa mpini wa shoka kila hatua chache mpaka donge lidondoke.

Shoka la barafu, licha ya jina, linafanana zaidi na sururu ndogo. Linashikwa kwenye kichwa chake, mdomo uliochongoka ukielekea nyuma, daima kwenye mkono ulio upande wa juu wa mteremko. Kwa watu wengi sentimita 55 hadi 60 zinatosha. Kazi yake kuu ni kuzuia usianguke, yaani unalichomeka, unatulia, ndipo unahamisha mguu. Kazi ya pili ni kujisimamisha ukishaanguka: unageuka kifudifudi, mkono mmoja juu ya kichwa cha shoka karibu na bega, mwingine umefunika ncha ya chini karibu na nyonga ya upande wa pili, uso umeuelekeza mbali na chuma, kisha unalalia mdomo wa shoka kwa uzito wa kifua chote. Kama umevaa krampuni, kunja magoti miguu iwe juu. Meno yakigusa theluji ukiwa unateleza kwa kasi yatanasa na kukupindua kichwa chini.

Hayo yasomwe, lakini hayaingii mwilini kwa kusomwa. Mnahitaji nusu siku kwenye mteremko mfupi unaoishia tambarare, bila mawe chini, bila krampuni miguuni, mkijiangusha kwa makusudi: kifudifudi, chali, kichwa mbele. Bora zaidi ni mafunzo ya siku moja na mwalimu wa mlima wa baridi. Glenmore Lodge, kituo cha taifa cha Scotland cha mafunzo ya nje, kiko chini ya mlima huo huo. Ushauri wangu ni kwamba hiyo fedha itumike kabla ya fedha nyingine yoyote, na Jumamosi yenu iwe baada ya mafunzo. Rafiki wa kiangazi si kiongozi wa msimu wa baridi, hata awe rafiki wa namna gani. Mwambie hivyo kwa utani, lakini mwambie.

Kuhusu maporomoko ya theluji. Scottish Avalanche Information Service hutoa taarifa kila siku wakati wa msimu, na Cairngorms ya kaskazini ni mojawapo ya maeneo yake. Hatari hupangwa kwa ngazi tano. Mkikuta ngazi ya 3 au zaidi, msiende juu. Lakini hata ngazi ya 2 ina pande zake mbaya, na taarifa huzitaja kwa dira. Upepo huinyanyua theluji upande unaoupiga na kuishusha upande uliojikinga, kama mchanga unavyojaa nyuma ya mtumbwi uliovutwa ufukweni Kibirizi. Theluji hiyo hugandamana ikawa bamba lililokaa juu ya tabaka dhaifu, na bamba hilo hukatika likikanyagwa. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndiyo inayomwaga zaidi, na ndiyo hiyo hiyo inayoonekana laini na ya kuvutia. Baki kwenye migongo ya mlima, ambako upepo umekwangua. Dalili za kugeuka papo hapo: nyufa zinazokimbia kutoka kwenye buti lako, au sauti nzito ya “vuuf” ardhi inapotulia chini yako.

Kingo za makorongo zina mtego mwingine. Theluji hujijenga ikatokeza nje ya ukingo na kuning’inia hewani bila mwamba chini, na aliye juu haoni tofauti. Pia hukatikia nyuma zaidi kuliko unavyodhani. Kaeni mbali na ukingo, mita nyingi. Magharibi ya kilele cha Cairn Gorm kuna korongo la Coire an t-Sneachda, kwa hiyo kupotea njia kidogo kwenye ukungu wakati wa kurudi si jambo dogo.

Ukungu ukikutana na theluji, mbingu na ardhi huwa rangi moja. Huoni mteremko, huoni hata kama umesimama au unateleza. Hapo mnatumia ramani, dira na hesabu ya hatua. Simu inafaa kama msaidizi, lakini baridi hula betri, kwa hiyo ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, ikiwa imezimwa mtandao. Hesabu hatua zako mapema: pima mita 100 mjini, uhesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Kwa wengi ni kati ya 60 na 70 mahali tambarare, na kwenye theluji huongezeka. Kuona uzito wa jambo hili, tazama Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Kushuka kwake salama kwenye ukungu kuna maelekezo yanayojulikana na kila mpanda milima wa huko: kutoka kileleni digrii 231 za ramani kwa mita 150, kisha digrii 281. Anayezidisha au kupunguza anaishia kwenye genge.

Muda sasa. Mskoti William Naismith alitoa kanuni yake mwaka 1892, na bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa kawaida wa Cairn Gorm ni kama kilomita 7 na mita 615 za kupanda. Hiyo ni saa 1 na dakika 25, ongeza saa 1 na dakika chache: saa mbili na nusu. Kwa theluji na kwa mgeni, zidisha kwa moja na nusu hadi mbili, mnapata saa nne hadi tano. Mkianza saa 3:15 asubuhi, saa ya kugeuka ni saa 6 mchana, popote mlipo, hata kilele kikionekana. Iandikeni kabla ya kuondoka, na mkubaliane jambo moja zaidi: yeyote kati yenu akisema turudi, mnarudi, na haulizwi sababu mpaka mfike chini. Kati ya marafiki kinachoharibu siku ni kuoneana haya: kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza kusema.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa glavu, ukiwa umesimama, kidogo kidogo kila dakika 45. Kashata, karanga, tende na chapati zilizokatwa vipande ni bora kuliko vingi vinavyouzwa dukani kwa jina la chakula cha wanamichezo. Ndizi hugeuka jiwe. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, chupa ikiwa imepinduliwa ndani ya begi, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi; ile mipira ya kunyonyea huganda. Chai ya moto yenye sukari nyingi, chupa moja kila mtu. Nyingine mnazobeba bila mjadala: tochi ya kichwani na betri za akiba kwa kila mmoja, filimbi, na turubai jepesi la dharura la kuwafunika nyote wawili mkiwa mmekaa.

Kupoa mwili huanza kwa tabia. Mwenzako akianza kujikwaa, kudondosha vitu, kumumunya maneno au kununa bila sababu, usibishane naye, mhudumie. Ingieni chini ya turubai, mvue kilicholowa kama una kikavu cha kumpa, mvalishe lile koti nene, mkalishe juu ya begi asiguse theluji, mpe chai tamu kama yuko macho na anameza vizuri. Pombe hapana. Kutetemeka ni habari njema. Akiacha kutetemeka wakati bado ana baridi, na akawa mlegevu, hiyo ni dharura. Mlaze, asitembezwe, ashikwe taratibu, kwa sababu moyo uliopoa haustahimili misukosuko.

Namba ni 999: omba polisi, kisha omba uokoaji wa milimani, na utoe namba za mraba wa ramani. Mtandao ukiwa hafifu ujumbe mfupi hupita pasipopita sauti, lakini lazima usajili simu mapema kwa kutuma neno “register” kwenda 999. Fanyeni hivyo mkiwa nyumbani. Filimbi ni milio sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Waokoaji wa Scotland ni wa kujitolea na hawatozi, kwa hiyo usichelewe kupiga ukihofia bili.

Hali ikikataa Jumamosi hiyo, jirani kuna Meall a’ Bhuachaille, mita 810. Kilele chake kimelizidi Ziwa Tanganyika kwa mita 37 tu, na bado siku ya upepo kinadai heshima. Hata hicho kikikataa, kuna msitu wa misonobari wa Rothiemurchus, tambarare, na picha zako za kupeleka Kigoma zitapendeza vile vile.

Kabla ya kuondoka mwachieni mtu karatasi yenye njia, idadi yenu, rangi za makoti na saa ya mwisho ya kusikia kutoka kwenu, kisha mkishuka mumpigie kabla ya kula. Buti za kukodi zirudisheni zimefutwa. Zenu zijazeni magazeti na kuziweka mbali na hita, kwani gundi ya soli huachia kwa joto, nanyi hamtagundua mpaka soli ibaki kwenye theluji safari ijayo.